Lori la Sebuleni

Kwa miaka mingi watoto wake walimjua baba yao kwa namna alivyobisha hodi. Aligonga mlango kwa ncha ya kiatu, kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa: begi la nguo chafu upande huu, mfuko wa viazi au machungwa ya barabarani upande ule. Alikaa siku mbili tatu, akilala mchana kutwa kama gogo huku watoto wakinyamazishwa, kisha begi likajazwa nguo safi na nyumba ikarudi mikononi mwa mama.

Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Wenzake walimbandika jina la Taratibu, kwani hakuna aliyewahi kumwona akilipita gari jingine kwenye kona au akiteremka mlima bila kushusha gia. Walimtania kwamba hata konokono humpigia honi. Yeye alicheka nao. "Mzigo haujawahi kufa kwa kuchelewa," alikuwa akisema. "Waliokufa ni wale waliouwahisha."

Mkewe alifariki yeye akiwa safarini. Mtoto mkubwa, wa kiume, alikuwa sekondari. Mdogo, binti, alikuwa bado anafungiwa kamba za viatu. Mama yao mdogo akahamia pale kuwalea, naye Taratibu akaendelea na barabara, kwa kuwa ndiyo iliyolipa ada na kujaza sufuria. Binti alikua akimpenda baba yake kama mtu anavyompenda mgeni mwema. Kaka yake alikua akimheshimu, akimwamkia, na baadaye akimtumia chochote alichojaliwa. Zaidi ya hapo hakuwa na neno naye.

Kiharusi kilimkuta kwenye foleni ya mizani, lori likiwa limesimama. Watu walisema ni bahati, maana muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa akiteremka mlima na tani zake mgongoni. Alipotoka hospitali mkono wa kulia ulikuwa mzito, mguu wa kulia unaburuta, na daktari alikuwa amekata kauli: usukani basi. Kampuni ikamuaga vizuri, kwa kiinua mgongo, saa ya ukutani na hotuba ya meneja aliyekosea kutaja jina lake.

Wakati huo mama mdogo alikuwa amekwisha kurudi kwake, na binti ndiye aliyebaki nyumbani. Alikuwa fundi wa makochi, mwenye kibanda chake nyuma ya soko: cherehani moja ya kushonea ngozi bandia, magunia ya sponji, bunduki ya pini, na makochi ya watu yaliyovuliwa nguo yakisubiri zamu. Asubuhi alimwandalia baba chai, akamweka kwenye kiti karibu na dirisha, akaenda kazini. Jioni alimkuta palepale. Dirisha lenyewe lilitazama ukuta wa jirani.

"Baba, unaangalia nini siku nzima?"

"Ukuta," alijibu. "Umepinda. Aliyeujenga alikuwa na haraka."

Televisheni hakuitaka. Redio aliizima. Alianza kula nusu sahani, kisha robo. Alipowapigia madereva wenzake kutafuta habari, simu zikawa fupi: kila aliyempata alikuwa njiani, sauti ya injini ikinguruma nyuma yake, naye Taratibu akimaliza kuongea alibaki ameishika simu sikioni ingawa ilikuwa imeshakatika.

Kaka, ambaye aliuza televisheni na redio katika duka kubwa la mjini, alikuja Jumapili moja, akamtazama mzee, akamvuta dada yake jikoni.

"Huyu anakufa amekaa," alisema. "Anahitaji kitu cha kumshughulisha. Subiri."

Jumapili iliyofuata alileta konsoli yake, ile mashine ya gemu ambayo vijana huchezea kwenye vibanda vya mitaani. Ilikuwa ndogo, nadhifu. Alichomeka nyaya mbili tu, akabonyeza kitufe kimoja, na sebule ikajaa muziki na magari mekundu. Alimpa baba pedi, kile kishikio chenye vitufe, akamwonyesha vidole vikae wapi. Taratibu alijaribu. Gari likaruka, likagonga ukuta, likabiringika, likasimama tena zima kama halikuguswa.

"Limepona?" aliuliza mzee.

"Ni gemu, baba. Haliharibiki."

"Klachi iko wapi?"

"Haina klachi."

Taratibu alijaribu tena, kwa adabu, kwa sababu kijana wake alikuwa amekuja nayo mbali. Kisha akaiweka pedi juu ya mapaja. "Gari hili halina uzito," alisema. "Ahsante, mwanangu. Ni zuri. Lakini halina uzito."

Kaka alizikunja nyaya zake akaondoka amenuna.

Kumbe jibu lilikuwa kwenye kazi ya binti mwenyewe. Fundi kompyuta mmoja, mwenye duka mtaa wa pili, alimwita kuvisha upya mabenchi ya wateja. Akiwa amepiga magoti na bunduki ya pini mkononi, binti alisikia sauti aliyoijua tangu utotoni: injini ya dizeli ikishusha gia, halafu breki za upepo, pshhh. Aligeuka. Kijana mmoja alikuwa mbele ya skrini, ameshika usukani uliofungwa mezani kwa vibano, anaendesha lori.

"Hiyo ni nini?" aliuliza.

"Gemu ya malori," fundi alimwambia. "Watu wengine hukesha kwa mambo haya. Barabara ni za urefu wa kweli kabisa, mtu anaendesha saa nzima bila kufika. Mafuta yanaisha, kuna mizani, kuna polisi. Ukisinzia unagonga."

Kesho yake alimleta baba yake, wakitembea pole pole, akimshika kiwiko. Fundi alimkalisha, akamwekea lori refu lenye trela. Taratibu hakulitia moto mara moja. Alitazama kioo cha kushoto, cha kulia. Akaweka mkono wa kushoto juu ya kirungu cha gia na kukitikisa, kuona kama kiko huru. Ndipo akawasha. Lori lilipojivuta, trela likafuata kwa kuchelewa kidogo, kama linavyofuata trela lenye mzigo, na yule mzee ambaye kwa miezi hakuwa amesema sentensi mbili mfululizo alisema, "Haa! Limebeba saruji hili."

"Umejuaje, mzee?" fundi aliuliza.

"Linavyokaa chini. Pamba hailemei hivi."

Binti alitoka nje ya duka, akasimama barabarani akijifuta macho kwa upande wa mkono uliojaa gundi.

Mambo yalikuja kuwa magumu kwenye bei. Gemu ile haikuwa kwenye konsoli yoyote. Ilitaka kompyuta, na si kompyuta ya kuandikia barua. Na kwa kuwa mzee hakuweza kukaa muda mrefu kwenye kiti cha meza, ilibidi iwe mashine ya kukaa sebuleni, ndogo, isiyopiga kelele, yenye nguvu ya kuijaza televisheni kubwa ambayo kaka alikuwa amewanunulia. Pamoja na usukani na pedeli, ilikuwa bei ya konsoli tatu na chenji kidogo. Kaka alipoambiwa alikaa chini kwanza.

"Wewe umerogwa au umelewa?" alisema. "Mimi nauza vitu hivi, nasikiliza wateja wakilia kila siku. Konsoli ni kama jiko la gesi: unawasha, unapika. Kompyuta ya gemu ni kama ng'ombe wa maziwa: inataka kulishwa, kuchanjwa, kuamkiwa. Leo inadai programu mpya, kesho haiuoni usukani. Na pesa zote hizo uiweke sebuleni kama mgeni rasmi?"

"Konsoli haina lori, kaka."

"Ina magari mia!"

"Haina lori."

"Na hizo pesa ni za dari. Mzee alisema mwenyewe kiinua mgongo ni cha dari."

Hapo Taratibu, ambaye walidhani amesinzia dirishani, alikohoa. "Dari linavuja mvua ikinyesha," alisema. "Mimi nakaa bila lori jua na mvua."

Yakaisha. Fundi alikuja na boksi jeusi lisilozidi ukubwa wa mkate mrefu, akaliweka chini ya televisheni. Akazilainisha pedeli kwa mipangilio ya kompyuta mpaka mguu mzito wa mzee uweze kufunga breki kwa kugusa tu, jambo ambalo hata kaka alikiri konsoli isingelifanya. Binti naye akaenda kwa wauza vyuma chakavu akapata kiti cha lori lililokufa. Alikivua, akakibadilishia sponji, akakiinua upande wa kulia ili nyonga ya baba isiume, akakivisha ngozi bandia ya kahawia yenye mshono maradufu. Hakuwahi kushona kitu kwa uangalifu namna ile.

Ikaanza miezi ambayo binti, baadaye, hakuweza kuisimulia bila kutabasamu kwanza. Alirudi jioni akamkuta baba yu barabarani. Barabara zenyewe zilikuwa za nchi za baridi, zenye misitu ya miti iliyochongoka, lakini Taratibu aliziendesha kama zile zake. Alisimama kwenye alama zote. Alipowashiwa taa na gari dogo lenye haraka, alijisogeza pembeni akilipisha. "Pita, pita, nenda kawahi kaburi lako," alilinong'oneza. Akitaka kwenda msalani aliegesha kwanza, akavuta breki ya mkono, akazima injini.

Binti akatafuta kigoda, akawa anakaa kushoto kwake.

"Hapo ndipo anapokaa utingo," baba alimwambia siku ya kwanza, na akafurahi sana. Tangu hapo akawa anamwita utingo wake. "Utingo, niangalizie kioo cha kushoto. Utingo, tumelala wapi jana?" Na kwa kuwa barabara ni ndefu na mikono ina kazi, alianza kuzungumza. Alimsimulia usiku wa kulala chini ya trela, simba aliyewahi kumwona akivuka lami bila kugeuza shingo, fundi wa matairi aliyekuwa na mguu mmoja na wake watatu. Alimwambia kwamba wakati fulani alikuwa akiwaimbia watoto wake peke yake ndani ya kebini, akiwataja, ili asisinzie.

"Mbona hukutuimbia nyumbani?"

Mzee alifikiri huku akibadili gia. "Nyumbani nilikuwa na usingizi," alisema.

Binti aligeuza uso kwenye kioo cha kushoto, ambacho hakikuwa kioo. Miaka yote alidhani baba alikuwa akiwakimbia.

Si kwamba kaka alikuwa amekosea. Ng'ombe wake wa maziwa alidai haki yake. Siku moja binti alirudi akamkuta mzee amekaa mbele ya skrini ya bluu yenye maandishi ya Kiingereza, mikono juu ya usukani, chakula cha mchana hakijaguswa. Mashine ilikuwa ikijipakia programu mpya, kisha ikataka ithibitishwe kwa kibodi, na kibodi ilikuwa juu ya kabati.

"Tangu lini, baba?"

"Wamefunga barabara," alisema kwa upole. "Nilijua watafungua tu."

Alikuwa amengoja tangu asubuhi. Kaka alipopata habari hakusema "niliwaambia", ila alivyoguna ilitosha. Binti akawa anafunga kibanda mchana na kukimbia nyumbani kutazama kama barabara imefungwa. Wateja wakaanza kunung'unika kwamba makochi yao yanaozea kwake.

Halafu kikaja kile ambacho hata fundi hakuwa na dawa yake. Daktari alikuwa amewatahadharisha kwamba mishipa midogo ya kichwa inaweza kuendelea kuziba, kidogo kidogo, bila kishindo. Taratibu alianza kumuuliza binti swali lilelile mara mbili. Alitia chumvi kwenye chai. Siku moja akatoka bafuni akauliza kama mizani wamekwisha pita, na televisheni ilikuwa imezimwa.

Jioni moja binti aliingia akasikia injini ikilia kuliko kawaida. Lori lilikuwa linakimbia. Baba yake, yule Taratibu, alikuwa ameinama mbele, jasho likimtoka kipajini, akilipita basi kwenye kona.

"Baba! Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Na mzigo?"

"Leo sishushi," alisema, bila kutoa macho barabarani. "Kijana amenipigia simu. Mama yake ana homa, hapumui vizuri. Leo sishushi mzigo."

Binti alisimama na mkoba wake begani. Alimwita, akamgusa, akamwambia yuko sebuleni. Mzee alimtikisia mkono kama mtu anayefukuza nzi. Mwishowe lori likagonga uzio, likazimika, naye akaegemeza paji la uso kwenye usukani akalia kwa sauti ndogo, sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia.

Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Akampigia kaka yake, akamweleza. Upande wa pili wa simu kaka alitoka dukani, makelele ya televisheni yakabaki nyuma.

"Kaka?"

"Nakuja kuizima," alisema.

Alikuja Jumamosi mchana, moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake ya duka. Baba alikuwa barabarani. Kaka hakuamkia. Alipita nyuma ya televisheni, akainama, akashika plagi.

"Subiri kwanza," dada yake alisema. "Niambie. Simu gani anayoisema?"

Kaka alijibu akiwa bado ameinama. "Mimi ndiye niliyempigia. Nilikwenda kwa jirani kuomba simu. Nikamwambia, baba, mama amezidiwa na kichomi, njoo. Akasema, nashusha mzigo kwanza, kisha nakuja. Foleni ya ghala ilikuwa ndefu. Alipofika tulikuwa tumeshazika. Nashusha mzigo kwanza. Nimelala na hayo maneno tangu siku hiyo."

Kwenye kiti chake cha ngozi ya kahawia, mzee alipiga honi. "Sogeeni!" alisema. "Nina mgonjwa nyumbani! Leo sishushi, nimesema sishushi, bosi anifukuze akitaka!"

Kaka aliinuka taratibu kutoka nyuma ya televisheni. Plagi ilikuwa bado ukutani. Alimtazama baba yake, jasho lile, mguu mzito ule unaotetemeka juu ya pedeli, na uso wake uliokuwa umekaza ukalegea, kama dada yake alivyokuwa hajauona tangu utotoni. Alivuta kigoda akaketi kushoto.

"Kushoto kweupe, mzee," alisema. "Twende."

"Wewe nani?"

"Utingo."

"Mpya?"

"Mpya. Twende, nakuangalizia kioo."

Waliendesha hivyo, wanaume wawili, bila neno jingine isipokuwa kona na vilima. Binti alisimama mlangoni na kitambaa cha jikoni mkononi. Jua la mchana lilikuwa limehamia ukuta wa pili wakati lori lilipoingia kwenye ua fulani wa viwanda, Taratibu akalipanga sawasawa katikati ya mistari, akavuta breki. Pshhh.

"Tumefika," kaka alisema.

"Mama yenu yukoje?"

Kaka aliangalia kwanza kioo cha kushoto. "Homa imeshuka," alisema. "Amelala. Alikuuliza, tukamwambia uko njiani."

"Alisema nini?"

"Alisema, Taratibu atafika."

Mzee aliachia usukani. Aliegemea, akafumba macho, akacheka kidogo, ile pumzi ya mtu aliyeshusha kitu kizito. Aliomba maji, akanywa bilauri nzima, akalala palepale kwenye kiti. Kaka alikwenda kukaa kwenye ngazi za nje, na dada yake akamwacha, kwa sababu kuna kulia kusikotaka mtu.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini kichwa kilichoziba hakiweki akiba. Kesho yake baada ya chai Taratibu aliketi, akawasha, na alipofika kwenye mteremko wa kwanza alikuwa na mgonjwa nyumbani na kijana alikuwa amempigia simu. Ikabidi afikishwe upya. Binti alimfikisha Jumatatu, akamwambia homa imeshuka. Alimfikisha Jumanne. Kaka akawa anapita baada ya kazi, karibu kila siku, yeye ambaye zamani alikuja kwa Jumapili za kuhesabika. Alikaa kwenye kigoda na kusema uongo uleule kwa sauti ileile, na kila mara mzee alishusha pumzi ileile.

Mpaka siku alipofika, akaambiwa mama amelala, akasema, "Ngoja nikamwone."

Hawakuwahi kufikiria hilo. Mzee aliinuka mwenyewe, akishika ukuta, mguu ukiburuta, akaelekea chumbani. Binti alimtangulia kwa maneno, "Baba, mwache apumzike, baba," lakini hakuthubutu kumzuia kwa mikono. Mzee alisukuma mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka limevutwa sawasawa, mto mmoja.

Alisimama pale kizingitini. Alikitazama kitanda, kisha akawageukia watoto wake, na kwa muda ule mfupi akili yake ilikuwa imerudi yote, safi kabisa, kiasi kwamba binti alitamani isingerudi.

"Nilishusha mzigo," alisema.

"Baba," kaka alisema. "Yameisha, baba. Kwangu mimi yamekwisha."

Lakini mzee alikuwa anatafuta mahali pa kukaa, na walipomkalisha kitandani alikuwa amekwisha sahau alichosema.

Jioni ile walichomoa plagi wote wawili, mmoja kashika televisheni, mwingine kavuta waya. Kiti wakakiacha, kwa sababu nyonga yake ilikizoea. Asubuhi alipouliza, binti alimwambia lori liko gereji.

"Limefanya nini?"

"Giaboksi."

"Aa." Aliitikia kwa kichwa. Hilo dereva analielewa. "Spea zake ni shida hizo."

Kila siku aliuliza kama spea imefika, na kila siku aliambiwa iko njiani. Hakukasirika. Alikaa kwenye kiti chake, mikono juu ya mapaja, kama madereva wakaavyo kwenye mabenchi ya gereji, wakijua kwamba kumharakisha fundi ni kujitafutia ajali. Kaka aliendelea kuja. Alimnyoa ndevu, akamkata kucha, wakati mwingine akamwimbia, wimbo wowote uliomjia. Mara moja tu mzee alimwita kwa jina alilompa alipozaliwa, akamuuliza kama amekula. Mafua ya msimu wa baridi yakamshukia kifuani, na kabla mwezi haujaandama upya alikuwa amekwenda zake, akiwa usingizini, watoto wake wote wawili wapo.

Mashine ilikaa chini ya televisheni kwa muda, imefunikwa kitambaa. Fundi kompyuta alikuja kuwapa pole, na hakuitaja mpaka binti alipoitaja mwenyewe. Akainunua kwa nusu ya bei, na nusu hiyo ikatengeneza dari. Usukani na pedeli hakuvitaka. Kaka alisema atavichukua yeye.

"Havina kazi bila kompyuta," dada yake alimwambia.

"Najua," alisema, akavibeba kwapani hadi kituoni.

Binti alirudi kwenye makochi yake. Siku moja mteja aliyeleta kochi la watu watatu alikaa kusubiri kipimo cha kitambaa, akaanza kulalamika juu ya mumewe, anayetaka kununua kompyuta ya gemu ya kuweka sebuleni, bei ya kufa mtu, wakati konsoli zipo tele na zinafanya kazi ileile.

"Nasikia nyinyi mliwahi kuwa nayo," alisema mteja. "Hebu nishauri, fundi. Ina maana kweli?"

Binti alikuwa na pini mbili mdomoni. Alizitoa. "Kama ni ya kuchezea tu, mwambie anunue konsoli. Haina usumbufu."

"Kwani nyinyi mliinunua ya nini?"

"Baba yangu alikuwa dereva wa malori," alisema.

"Ahaa," mteja aliitikia, kama mtu aliyeelewa, kisha akauliza kochi lake litakuwa tayari lini, maana wikiendi ana wageni.